PDF mbovu: programu huria zipi ujaribu kwanza, na zipi mwisho

Kabla hujalipia huduma ya kutengeneza PDF, au kupandisha waraka wa siri kwenye tovuti usiyoijua, jaribu programu huria. Hazilipiwi, kwa hiyo tumezipanga kwa kigezo kimoja: inayobadilisha kidogo zaidi ndani ya faili ndiyo inayotangulia.

Fanyia kazi nakala, halafu kagua ncha mbili za faili. Kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), amri `head -c 8 mbovu.pdf` ionyeshe `%PDF-` na namba ya toleo. Ukiona `<html` au `<!DOC`, ulichopakua ni ukurasa wa tovuti, si waraka, pakua upya. `tail -c 30 mbovu.pdf` ionyeshe `%%EOF`. Isipokuwepo, huenda faili ilikatika njiani.

Ya kwanza ni qpdf, na mara nyingi hutahitaji nyingine. Kwa kawaida mwishoni mwa PDF kuna jedwali la marejeo linalosema kila kipande cha waraka kinaanzia baiti ya ngapi. Katika muundo wa zamani kila mstari wake una baiti 20 kamili, hivyo uhamishaji unaobadilisha alama za mwisho wa mistari huvuruga hesabu yote. Kagua kwa `qpdf --check mbovu.pdf`, kisha andika upya:

`qpdf mbovu.pdf mpya.pdf`

Jedwali likiwa bovu, qpdf hupekua faili nzima, hutafuta vipande na kulijenga upya. Maandishi, fonti, picha, fomu na alamisho hubaki vilevile. Ikimaliza na msimbo 3 (namba ambayo programu hurudisha inapomaliza kazi), usishtuke: ni maonyo tu, na faili mpya imeandikwa. Msimbo 2 ndio kosa lenyewe.

Qpdf ikigoma, nenda kwa mutool ya MuPDF: `mutool clean mbovu.pdf mpya.pdf`. Wengi huongeza `-ggg` papo hapo; tunashauri usifanye hivyo mara ya kwanza. Chaguo hilo hufuta vipande visivyorejelewa popote, na katika faili iliyovunjika kurasa nzima zinaweza kuwa miongoni mwao. Ukishindwa kuokoa kurasa, `mutool extract mbovu.pdf` hutoa picha na fonti zilizosalia.

Ghostscript ni ya tatu, ingawa ndiyo yenye nguvu zaidi:

`gs -o mpya.pdf -sDEVICE=pdfwrite mbovu.pdf`

Husoma kila ukurasa kana kwamba inauchapisha, kisha hutunga PDF mpya. Ndiyo dawa ya faili inayofunguka vizuri lakini printa ikaikataa. Gharama yake ni kwamba fomu za kujaza na lebo za visoma skrini zinaweza kupotea, na fonti iliyokosekana hubadilishwa na nyingine, kwa hiyo soma herufi moja moja. Usiongeze `-dPDFSETTINGS=/screen`; hiyo hushusha picha hadi nukta 72 kwa inchi.

pdftocairo ya Poppler (`pdftocairo -pdf mbovu.pdf mpya.pdf`) hufanya kazi ya aina hiyohiyo kwa injini nyingine. Ijaribu pale Ghostscript inaposhindwa.

Mwisho kabisa, geuza kurasa kuwa picha kwa `pdftoppm -r 300 -png mbovu.pdf ukurasa`, uziunganishe kwa `img2pdf`, kisha `ocrmypdf`, inayotambua herufi zilizo ndani ya picha, ikurudishie maandishi yanayotafutika.

Kama waraka una saini ya kidijitali, kuuandika upya kwa yoyote kati ya hizi kunaibatilisha. Omba nakala mpya kwa aliyesaini.

Na kuna ubovu usiotibika. PDF ikifunguliwa kwenye kihariri cha maandishi na kuhifadhiwa kama UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi), baiti nyingi zisizoeleweka hubadilishwa kuwa EF BF BD, yaani alama ya herufi isiyosomeka, zote sawasawa, na thamani za awali hazipo tena. Hapo kurasa hutoka tupu kwa programu yoyote.

Debian na Ubuntu: `sudo apt install qpdf mupdf-tools ghostscript poppler-utils img2pdf ocrmypdf`. Ukimaliza, linganisha idadi ya kurasa kwa `pdfinfo mpya.pdf` na idadi unayoijua.