Friji la milango miwili kwa nyumba za Arusha na Moshi: kabla hujalichomeka, angalia hapa

Habari za leo wapendwa, karibuni sana. Leo tuko jikoni, na hili nyuma yangu ni friji la milango miwili, friza juu, friji chini, lita mia mbili na kidogo. Ndiyo saizi unayoiona kila siku juu ya kirikuu ikitoka mjini kwenda Sakina, Njiro, Kwa Mrombo, na kule Moshi ikielekea Pasua au Rau. Linauzwa kwa majina mengi tofauti na ndani halitofautiani sana, kwa hiyo nalichambua kama aina, sitaji kampuni. Na msimamo wangu nautoa sasa hivi: ni friji zuri, linafaa familia ya watu wanne watano. Ila huku kwetu linaumizwa na vitu viwili, mahali linapowekwa na umeme unaokatika na kurudi. Hapo ndipo nitakaa muda mrefu leo.

Sogea na mimi huku ndani. Hapa pembeni, juu ya droo ya mboga, kuna kibandiko. Muuzaji mara nyingi anakuonyesha taa, anakuonyesha rafu za kioo, hiki hakigusi. Soma na mimi. Volti 220 hadi 240, hezi 50, hiyo ni sawa na umeme wetu. R600a, hiyo ni aina ya gesi, nitairudia. Halafu hapa chini kabisa, herufi moja peke yake: T. Hiyo herufi ndiyo inayokwambia friji limetengenezwa kwa hali gani ya hewa. T ni chumba chenye nyuzi joto 16 hadi 43. Ukikuta ST ni 16 hadi 38. N ni 16 hadi 32. Na ukikuta SN, hiyo inaanzia nyuzi 10 mpaka 32.

Sasa fikiria Arusha. Tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba usiku unajua wenyewe, unalala na blanketi mbili. Na watu wengi, jiko likiwa dogo, friji wanaliweka stoo au kwenye baraza la nyuma lililozungushiwa nondo. Usiku hapo panashuka hadi nyuzi 12 bila shida. Friji la herufi T halikutengenezewa hapo.

Kinachotokea ni hiki. Friji hili lina themostati moja tu, yaani kidhibiti cha baridi, na iko huku chini, kwenye sehemu ya friji. Friza haina yake. Huku chini kukishapoa, kompresa, ile mota inayosukuma gesi, inazima, haijui habari za huko juu. Baraza likiwa na baridi, hewa yenyewe inalipoza friji. Themostati inaona kazi imekwisha, kompresa inalala masaa mengi, na nyama uliyoinunua soko la Kilombero inaanza kulainika ndani ya friza. Asubuhi unakuta maji. Unamwita fundi, anakwambia gesi imeisha, anajaza, unalipa. Mwezi wa kumi joto linarudi, friji linafanya kazi, unasema fundi yule anajua.

Jamani, gesi ya friji haiishi kama ya kupikia. Inazunguka humo humo ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka na miaka. Ikipungua maana yake kuna tundu, na tundu lazima litafutwe kwanza. Fundi anayejaza bila kutafuta linapovuja, anakuuzia gesi ile ile kila mwaka.

Kwa hiyo kipindi cha baridi, kwanza lirudishe friji ndani, mahali ambapo watu wanakaa na kupika. Pili, usishushe namba ya themostati. Najua wengi wanafanya hivyo, wanasema baridi ipo, ngoja nipeleke kwenye 1 niokoe LUKU. Kwenye friji la themostati moja unakuwa umeiambia kompresa ilale zaidi. Peleka 4, au hata 5, halafu chungulia mboga huku chini zisianze kuganda. Namba kubwa ndiyo baridi zaidi, sio joto zaidi. Na baadhi ya mafriji ya aina hii yana swichi ndogo pembeni ya themostati, hii hapa, iko kwenye hili. Watu wanadhani ni ya taa. Hii inawasha hita ndogo sana karibu na themostati ili kompresa isilale wakati wa baridi. Joto likirudi, unaizima, maana inakula umeme.

Ndugu zangu wa Moshi, ninyi mko chini, mita mia nane na ushee, tatizo lenu ni Januari hadi Machi. Kwenu herufi T ni nzuri kabisa, na namba unaiweka 2 au 3. Kinachowashinda ni kulibana friji ukutani.

Twende kwenye kulifunga. Likiwa kwenye gari, lisimame. Kama ilibidi lilazwe, likifika nyumbani lisimamishe na ulipumzishe kabla ya kuchomeka. Kitabu chake kinasema masaa mangapi, fuata hicho. Kompresa ina oili ndani, na friji likilala oili inakimbilia kwenye mabomba. Ukiliwasha hapo hapo kompresa inazunguka kavu.

Toa vifungashio vyote vya boksi, pamoja na hilo povu jeupe la chini. Nyumba nyingi nakuta friji lina mwaka bado limekaa juu ya povu lake, eti lisipate kutu. Hewa haipiti chini, kompresa inapika. Kama sakafu inapata maji, tumia stendi ya chuma. Nyuma acha sentimita kumi, pembeni nazo acha nafasi, juu vilevile. Ukigusa ubavu wa friji hili utakuta una joto, usishtuke. Mafriji ya siku hizi mabomba ya kutoa joto yamefichwa ndani ya ubavu. Na kwa sababu hiyo hiyo, mama zangu, mniwie radhi, kile kitambaa cha kufuma kinachoning'inia pande zote mbili hadi katikati kinalifunika friji likiwa linajaribu kutoa joto. Kifupishe, kikae juu tu. Miguu ya mbele iinue kidogo kuliko ya nyuma, ili mlango ukiachiwa ujifunge wenyewe.

Soketi iwe yake peke yake, ya ukutani, ya pini tatu. Sio ekstensheni yenye pasi, birika na chaja za simu. Pini ya tatu ni erthi, na kuna mafundi wanaiondoa ili plagi iingie kwenye soketi ya zamani. Ukigusa mlango wa friji ukiwa peku kwenye sakafu yenye maji ukasisimka hata kidogo, usizoee. Chomoa, ita fundi umeme apime erthi ya nyumba. Hiyo ni dalili ya umeme kupita kwenye bodi, na anayefungua friji mara nyingi zaidi ni mtoto.

Sasa umeme wenyewe. Umeme ukikatika na kurudi baada ya sekunde chache, hapo ndipo kompresa inapoumia. Ilikuwa inasukuma gesi, upande mmoja una presha kubwa, mwingine ndogo. Umeme ukirudi mara moja inajaribu kuwaka dhidi ya ile presha, inashindwa, unasikia "tak" kisha kimya, kisha "tak" tena. Kila "tak" waya zake za ndani zinachemka. Inahitaji dakika tatu hadi tano presha zilingane. Umeme mdogo nao ni hatari, ule wa jioni taa zinakuwa nyekundu. Mota inavuta mkondo mkubwa zaidi na kuchemka bila kuzunguka vizuri.

Hiki nilichoshika ndicho wanachokiita friji gadi. Kinakaa kati ya soketi na plagi. Hiki kimeandikwa kinakata chini ya volti 185, kinakata umeme ukizidi pia, na ukirudi kinasubiri dakika chache ndipo kinaruhusu. Kwangu mimi hiki sio cha hiari. Kama bajeti yako inafika kwenye friji tu, shuka saizi moja ya friji ununue na hiki. Usiku ukikatika na huna gadi, chomoa, umeme ukirudi subiri dakika tano. Stabilaiza ni jambo lingine, inanyanyua umeme mdogo. Kama mtaani kwenu umeme uko chini karibu kila jioni, gadi peke yake itakuwa inakata kila saa, hapo utahitaji stabilaiza, na hakikisha ina muda wa kusubiri ndani yake.

Nimesema nitairudia gesi. R600a ni isobutani, jamii moja na gesi ya mtungi, inawaka moto. Ona hapa nyuma kwenye kompresa, pembetatu ya njano yenye mwali. Ndani iko kidogo, hili limeandikwa gramu 42, na likiwa zima halina hatari yoyote. Hatari iko kwa mwenye kisu anayechokonoa barafu, na kwa fundi anayewasha mwali wa kuchomea wakati gesi bado imo ndani. Barafu ikizidi nusu sentimita, zima, chomoa, acha mlango wazi, weka bakuli la maji ya moto ndani ya friza, subiri. Kisu hapana, bisibisi hapana. Ukuta wa friza ni alumini nyembamba, bomba liko hapo hapo nyuma yake. Ukisikia "sssss" baada ya kuchokonoa, zima jiko, fungua madirisha na milango, usiguse swichi wala plagi, watoe watoto nje. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inakaa chini sakafuni. Na fundi akija na mtungi wa R134a kutaka kujaza kwenye friji la R600a, mshukuru, mpe nauli, atafutwe mwingine.

Kutumia, haraka haraka. Friji nyuzi 4 hivi, friza 18 chini ya sifuri. Kama una kipimajoto, kiweke kwenye glasi ya maji rafu ya katikati, usome asubuhi. Nyama mbichi rafu ya chini kabisa ndani ya chombo, mtori na maziwa juu yake, damu isidondokee chakula kilichoiva. Mtori wa moto usiingize ukitoa moshi, lakini pia usiuache mezani zaidi ya masaa mawili. Soda ya chupa usiweke friza, inapasuka. Umeme ukikatika, usifungue. Friji linashika kama masaa manne. Friza iliyojaa inashika hadi siku mbili, ya nusu siku moja. Kama yako ni tupu, jaza chupa za plastiki zenye maji, usizijaze hadi shingoni.

Usafi, na hapa vumbi letu la kiangazi lina kazi yake. Friji lenye wavu wa mabomba nyuma, lichomoe mara mbili kwa mwaka, piga brashi. Raba ya mlango ifute kwa maji ya sabuni, halafu bana karatasi kati ya raba na bodi, funga, vuta. Ikitoka bila kukaza, raba imelegea hapo. Zungusha karatasi mlango mzima. Na hili tundu dogo ukutani, nyuma ya droo, ndilo linapitisha maji kwenda kwenye sinia juu ya kompresa. Likiziba na jani la mchicha utakuta dimbwi chini ya mboga ukadhani friji limepasuka. Pitisha kijiti laini, umimine maji ya uvuguvugu.

Umeme: lebo ya hili inasema kWh 219 kwa mwaka, ambayo ni yuniti 18 hivi kwa mwezi. Ila kipimo hicho kinafanywa maabara, mlango umefungwa. Nyumba yenye watoto ongeza. Kama unatumia yuniti 75 kwa mwezi, ujue karibu robo inaenda hapa.

Wa mtumba, swali moja tu mbele ya muuzaji: kibandiko kiko wapi? Kikisema volti 100, limetoka Japani, ukilichomeka kwetu linaungua. Kama kibandiko kimebanduliwa, ondoka. Jipya, dai risiti ya EFD na kadi ya waranti iliyogongwa muhuri, na usome kompresa ina waranti ya miaka mingapi, mara nyingi iko tofauti na sehemu nyingine.

Kwa hiyo, kwa Moshi nalipendekeza bila wasiwasi. Kwa Arusha nalipendekeza kama linakaa ndani. Kama nafasi yako ni baraza tu, tafuta lenye herufi SN, au linaloandikwa SN hadi T, yapo. Na lile la zamani ulilolitoa, kabla hujalisogeza uani kusubiri wa vyuma chakavu, chukua bisibisi ung'oe mlango leo leo. Mtoto akijificha ndani na mlango ukajifunga, hewa inamwishia, na kelele zake hazisikiki nje.