Taa ya sola yenye sensa: uani safi, barabarani ina masharti

Taa ya sola ya ukutani yenye sensa, ile isiyo na jina la maana kwenye boksi na iliyojaa maduka ya vifaa vya umeme Ngamiani, hapa Tanga, ni bidhaa nzuri iliyofungwa kwenye maneno ya uongo. Nzuri kwa sababu haidai LUKU, na umeme ukikatika mtaa mzima yenyewe inabaki macho. Uongo uko kwenye boksi tu, ila ni mwingi.

Anza na wati. Boksi linasema 100, mengine 200. Chukua rula upime paneli. Ya sentimita 10 kwa 15 ikipigwa na jua kali la saa sita mchana hupokea kama wati 15 za mwanga, na paneli nzuri hugeuza kama sehemu moja ya tano tu kuwa umeme, yaani wati 3. Ikae juani mchana kutwa, wati 100 za kuwaka usiku kucha hazitoki humo. Kwa hiyo usilipie namba. Lipia ukubwa wa paneli.

Betri nayo ina visa vyake. Ndani mara nyingi mna seli moja ya duara, kipenyo milimita 18, urefu milimita 65, ileile ya tochi za kuchaji. Seli bora kabisa ya saizi hiyo hubeba karibu mAh 3500, yaani kipimo cha chaji inayoingia. Ukikuta imeandikwa 9900, aliyeandika hakuona haya. Seli halisi ina uzito wa gramu 45 hivi. Ikiwa nyepesi kama ganda tupu, mrudishie muuzaji. Akikataa kufungua skrubu nne za nyuma ili uione, nenda duka la pili, hayako mbali.

Kabla ya kulipa, funika paneli kwa kiganja: taa lazima iwake, maana paneli yenyewe ndiyo inayoijulisha taa kwamba giza limeingia. Hapo ndipo chanzo cha malalamiko mengi ya "taa yangu mbovu". Ukiifunga chini ya taa ya mtaani, inadhani bado mchana na haiwaki. Ukifunga mbili zikatazamana, moja ikiwaka inaizima mwenzake, zinachezeana hivyo mpaka alfajiri.

Kwa nyumba za Raskazone na Sahare, karibu na bahari, tafuta iliyoandikwa IP65, inayozuia vumbi lisiingie na kuhimili maji ya kumwagiwa kwa nguvu. IP44 huvumilia maji ya kurushiwa tu, si ya kumwagiwa kwa nguvu. Skrubu zinazokuja na taa zitupe. Ni chuma kilichopakwa, chumvi ya upepo itakitafuna na taa itaning'inia kwa skrubu moja. Nunua za steinlesi.

Urefu wa kufunga ni mita 2.5 hadi 3. Chini ya hapo kibaka ataigeuza kwa fimbo, juu zaidi sensa haifiki. Sensa hii inanusa joto linalotembea, na inamwona vizuri anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia moja kwa moja. Wengi huifunga ikitazama geti, wakati ingefanya kazi zaidi ukutani, ubavuni mwa njia ya kutoka getini. Februari, joto la hewa linapokaribia joto la mwili wa mtu, umbali wa kuona hupungua. Si ubovu huo. Kinachoiwasha bure ni majani ya mgomba yanayopepewa, paka, na mjusi kafiri akipita juu ya kioo cha sensa. Kata mgomba, mjusi mvumilie.

Swali linalopuuzwa zaidi ni hali ya kuwaka. Taa nyingi zina kitufe chenye hali tatu: mwanga mkali muda wote, mwanga hafifu unaokuwa mkali mtu akipita, na giza mpaka mtu apite. Ya kwanza humaliza betri kabla ya saa sita usiku, isahau. Ya tatu ndiyo ya uani, kwa sababu mwanga wa ghafla humshtua mwizi na kumwamsha jirani au kijana wa ulinzi shirikishi. Lakini hali hiyohiyo ikielekezwa barabarani ni hatari. Bodaboda akienda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa juu unaoruhusiwa maeneo ya makazi, hukata mita 14 kila sekunde. Mulika macho yake ghafla, apofuke sekunde mbili, kapita mita 28 bila kuona. Na Tanga ni mji wa baiskeli. Katika mita hizo 28 kuna mtu na baiskeli yake isiyo na taa.

Kwa hiyo taa ya kona, hasa zile kona za Ngamiani ambako ukuta unafika mpaka barabara, iweke hali ya pili na uiinamishe. Kipimo ni hiki: simama barabarani hatua 20 kutoka taa, inama kidogo ufikie kimo cha mpanda baiskeli. Ukiziona balbu zenyewe zikikuchoma, inamisha tena. Kama kishikio hakiinami, kata kopo la bati ulitengenezee kofia juu yake. Mwanga unapaswa kuangukia lami au mchanga, usifike usoni.

Usafi ni mara moja kila wiki mbili kwa kitambaa chenye maji. Kunguru wa mji huu hawana adabu, na paneli iliyopakwa kinyesi chao hupoteza nguvu hata kama sehemu iliyofunikwa ni ndogo. Ilaze kwa mteremko wa nyuzi 10 hivi ili mvua iioshe.

Na kwa yule wa baiskeli isiyo na taa, madukani humohumo wanauza vizibao vya kung'aa. Kizibao cha njano bila mistari ya fedha hufanya kazi mchana. Usiku ni nguo tu. Kujua kama mistari ni ya kweli, weka tochi ya simu kando ya jicho, si kifuani, kisha rudi hatua kumi umulike. Ya kweli hurudisha mwanga ulikotoka, kwa hiyo itakuangazia wewe. Ya bandia itabaki kijivu. Utepe huohuo kwenye baiskeli uwe mweupe mbele na mwekundu nyuma, na kipande kwenye kila pedali, maana kitu kinachopanda na kushuka dereva hukitambua kwa haraka kuwa ni mtu. Mafuta ya mkokoteni au ya mzigo yakimwagika juu yake, ung'aavu unakufa. Futa kwa maji ya sabuni usisugue kwa steelwaya.