Kozi ya Kiingereza ya Jumamosi pale Majengo: somo moja limenirudishia hela yangu

Mimi ni msimamizi wa walinzi, zamu ya usiku, kwenye ghala moja Kizota, hapa Dodoma. Ripoti za tukio kwetu zinaandikwa kwa Kiingereza. Sijui kwa nini, maana bosi ni Mgogo, mimi Mnyaturu, na mwizi mwenyewe sidhani kama ni Mwingereza. Mwezi wa nne niliandika: "When I arrived on duty at 6 p.m., somebody broke the padlock." Nilimaanisha nilikuta kufuli limeshavunjwa. Bosi akaniita: "Bwana, kwa hiyo ulisimama pale ukamwangalia anavunja?" Kwa maandishi yangu mwenyewe, nimefika kwanza, halafu jamaa akavunja. Kufuli nikalilipa mimi.

Ndipo nikaenda kujiandikisha. Elfu hamsini kwa mwezi, Jumamosi nne, saa tatu hadi saa tano asubuhi, chumba cha juu jirani na soko. Saa tatu ni ya kwenye karatasi tu. Mwalimu anaingia na nusu, na chini kuna fundi wa mageti ambaye grenda yake haipumziki. Dirisha ukilifunga joto, ukilifungua vumbi.

Somo la tatu lilikuwa la had, kale kaneno ka Kiingereza kanakoonyesha jambo lililotangulia jingine la zamani. Madam hakuanza na kanuni. Aliandika ubaoni kwa Kiswahili: "Nilipofika stesheni, treni iliondoka." Chini yake: "Nilipofika stesheni, treni ilikuwa imeondoka." Akauliza ni nani kati ya hao wawili aliyeiona treni. Darasa likanyamaza. Kisha dada mmoja wa saluni akasema wa kwanza, huyo hata kupunga mkono amepunga. Wa pili amekuta reli tupu. Madam akageuka akaandika "the train left" pembeni ya ile ya kwanza na "the train had left" pembeni ya ile ya pili. Nikaliona kufuli langu pale ubaoni.

Kumbe tunayo siku zote: ilikuwa imeondoka. Kiingereza kinaweka had, na had haichagui mtu, iwe I, she au they. Kinachofuata ni kitenzi cha safu ya tatu kwenye jedwali la vitenzi, ile ya past participle: broken, gone, eaten. Ukisema "had went" umeharibu. Kijana mmoja wa bodaboda alikataa katakata "I had had tea", akadai Madam amejikwaa. Akaelezwa kwamba ya kwanza ni msaidizi, ya pili ndiyo kunywa chai kwenyewe. Hakuridhika, na sijui kama hadi leo ameridhika.

Wiki hiyo nikawa kama mtoto aliyepewa filimbi. Had kila mahali. "I had eaten ugali yesterday." Jumamosi iliyofuata Madam akanizuia: had inataka tukio jingine la zamani la kuegemea, lililokuja baadaye. Jana peke yake haitoshi, sema "I ate." Na kama neno before limeshaonyesha kipi kilitangulia, unaweza kuiacha: "I locked the gate before I left" imekaa sawa kabisa.

Lawama yangu kubwa si kuchelewa. Ni kwamba somo liliishia hapo. Mlinzi mara nyingi hamjui aliyevunja, anachojua ni kwamba kimevunjwa, na kauli hiyo haikuguswa hadi nilipomfuata Madam kwenye ngazi akishuka. Akaniandikia kwenye daftari, amesimama: "The padlock had been broken." Dakika mbili. Kwa nini lisiwe ndani ya somo tulilolilipia? Halafu kuna fotokopi za mazoezi, elfu mbili nje ya ada, nyeusi upande mmoja kama zimepakwa masizi. Msinunue, pigeni picha ubao.

Nimelipia mwezi wa pili hata hivyo. Juzi dereva wa lori aliondoka bila kusaini kitabu. Nikaandika: "When I reached the gate, the driver had already left." Bosi akasoma, akagonga muhuri, akaniuliza kama chai imebaki kwenye chupa.