Rejeta ya kununua Mbeya: ipi ichukue, ipi iache dukani

Gari likichemsha Mlima Nyoka, utaambiwa rejeta imekufa. Huenda ni kweli, ila anza na kifuniko chake. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Dar. Kinachoyatuliza ndani ya injini ni presha inayoshikiliwa na kifuniko. Springi yake ikichoka, gari lililokuwa zima Dar huku linatema maji. Kifuniko ni bei ndogo, soma namba ya presha iliyo juu yake (0.9 au 1.1) na ununue ileile.

Kama tangi la plastiki limepasuka kwenye maungio au mapezi (vile vibati vyembamba vya kupoza) yanapukutika ukiyagusa, hapo sawa, nunua rejeta.

Kwanza kwangu ni mpya ya kampuni inayojulikana, kama Denso au Koyorad. Boksi lenye jina si ushahidi, kwa hiyo beba ya zamani hadi Mwanjelwa, zilaze pamoja na upime unene wa safu ya mapezi. Nyembamba kuliko iliyotoka, rudisha. Gari la otomatiki angalia pia tangi la chini: kama la zamani lina midomo miwili ya oili ya gia, jipya nalo liwe nayo, maana oili hiyo hupozwa humo ndani.

Ndiyo maana mtumba wa Japani nauweka wa pili kwa gari la gia za mkono tu. Kwa otomatiki unashuka hadi wa tatu, chini ya kopi mpya (ya kuigiza, isiyo na jina): kipoza oili kikitoboka kwa ndani, maji yanaingia kwenye gia, na gia ni ghali kuliko rejeta kadhaa. Ukiutaka hivyo hivyo, fundi auzamishe kwenye maji na kuujaza upepo, mtazame mapovu.

Kopi ya bei chee inavumilia safari za Mafiati na Soweto. Kupanda Kitonga na mzigo ni habari nyingine: mwendo mdogo, upepo haba, injini imekaza, na mapezi machache hayamalizi joto lote linaloletwa na maji.

Kuziba plastiki kwa gundi, usipoteze hela. Rejeta za shaba za Land Cruiser za zamani na malori ndizo za kuchomelewa kwa risasi, hizo usitupe.

Fundi akikushauri utoe thamostati (valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto) "ili ipoe vizuri", kataa. Nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 hadi 88. Ukiitoa, asubuhi za Julai Uyole injini haipati joto lake na inakunywa mafuta.

Jaza kulanti (dawa ya rejeta) nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini (distilled), siyo ya bomba. Washa injini kifuniko kikiwa wazi na hita kwenye joto, hadi mapovu yaishe. Kesho yake, injini ikiwa ya baridi, angalia tena kiwango kabla hujapanda Chunya.