Vidukari kwenye sukuma wiki changa: maji ya sabuni au mwarobaini?

Geuza jani la mche. Ukikuta vidukari wa kijivu, wenye unga kama nta, wamejazana chini yake, usingoje kesho.

Maji ya sabuni huua papo hapo, ila yule tu aliyelowa. Basi nyunyizia chini ya majani na ndani kabisa ya kichomozo, tena jioni, maana jua kali likikuta sabuni jani changa huungua. Ikishakauka, haina nguvu tena.

Mwarobaini hauna haraka. Mbegu zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha huwakatisha wadudu hamu ya kula na kuwazuia kujivua gamba. Hata viwavi hawasalimiki.

Mimi miche ikivamiwa hutangulia na sabuni, kisha mwarobaini kila wiki.