Pampu ya kunyunyizia dawa kwenye mashine ya kuchonga chuma: miezi mitano ya uzoefu wangu

Nilipokwenda kuinunua Kariakoo, muuzaji aliniuliza shamba langu ni ekari ngapi. Pampu ile ya volti 12 ni ya mabomba ya betri ya kupulizia mimea dawa. Mimi shamba sina. Nina mashine moja ya kuchonga vyuma pale Gerezani, na bushi ndefu (vipande vya chuma mfano wa bomba) zilizokuwa zikininyima usingizi.

Ni bushi za mashine za kufyatulia matofali: tundu milimita 25, urefu 150, na mteja anataka H7, yaani tundu lisipungue 25.000 wala kuzidi 25.021. Ukipitisha rima, kile kifaa cha kumalizia tundu lifike kipimo, kwenye tundu refu namna hiyo, maranda ya chuma yanajazana kwenye mifereji yake, yanakwaruza ukuta na tundu linatanuka. Kulanti, yaani maji ya oili ya kupoza na kulainisha, ukiipaka kwa brashi haifiki ndani. Njia ni kuisukuma kutoka nyuma, ipite katikati ya spindo (mhimili wenye tundu unaoizungusha bushi), iingie kwenye bushi na kutokea mbele ikiwa imeyabeba maranda.

Nilianza na pampu ya bwawa la samaki. Hiyo inapandisha maji mita 2, sawa na bar 0.2 hivi, na kulanti ikawa inachuruzika kama bomba siku ya mgao. Ndipo nikatoa elfu 55 kwa hii ya dawa. Imeandikwa psi 100, karibu bar 7, na lita 5 kwa dakika.

Nguvu inayo, hilo silikatai. Ila ndani ina swichi ya presha, na rima ikishaziba nusu ya tundu, pampu inakata, inawaka, inakata tena, kama mtu mwenye kwikwi. Nikafunga fitingi ya T yenye koki, kulanti inayozidi irudi kwenye dumu. Kwikwi zikaisha siku hiyohiyo.

Kilichonila wiki mbili ni kiungo cha nyuma, pale mpira uliosimama unapokutana na paipu inayozunguka. Nilitumia kiungo cha kuzunguka cha mpira wa kuoshea magari. Wakati wa rima naizungusha spindo taratibu, mizunguko 120 kwa dakika, kwa hiyo kinavumilia. Lakini jaribio la kwanza kilirusha maji moja kwa moja kwenye mota. Nilizima umeme kwenye swichi kuu mikono ikitetemeka. Sasa kuna kinga ya bati pale, na pampu inatumia betri ya gari, mbali na umeme wa ukutani. Ukitaka kujaribu, anza na bati kabla hujanunua chochote.

Chujio nalo usilionee uchoyo. Randa moja likikaa kwenye vali za pampu, presha inapotea. Nina madumu mawili: la kwanza uchafu unatuama, la pili ndiyo pampu inanyonya, kupitia chujio la wavu.

Mchanganyiko wangu ni maji lita 20 kwa oili lita 1. Maji yanatangulia, oili inafuata huku unakoroga. Ukigeuza, inaganda mabonge. Kosa langu kubwa lilikuwa siku ya kazi ya chuma cha pua, nilipotia oili tupu. Kiwambo cha mpira ndani ya pampu kilivimba na pampu ikanyamaza. Elfu 55 nyingine. Kama kazi zako ni za oili tupu, hii haikufai, tafuta pampu ya gia.

Halafu kuna harufu. Oili ya reli za mashine inaelea juu ya kulanti na kuziba hewa, bakteria wanashamiri, na Jumatatu karakana inanuka mayai viza. Ijumaa naiengua kwa gazeti kuukuu, kisha ile pampu ya samaki inakesha ikizungusha kulanti. Imepata kazi yake hatimaye.

Kabla ya mtambo huu, kati ya bushi 8 zilipita 3. Oda ya mwisho ilikuwa 12, zikapita 11, na ile moja niliikaza mno kwenye taya za mashine mwenyewe. Kiungo cha nyuma kimeanza kudondosha tena. Cha pili kipo mfukoni, nitakifunga Jumamosi.