Dawa ya mafuta ya kifafa: nimejaribu kijiko, uji na sirinji

Nilikaa Uingereza miezi mitatu kumsaidia dada yangu na kijana wake wa miaka sita, ana ile kifafa ngumu ya Lennox-Gastaut, na kazi yangu kubwa ikawa dawa ya asubuhi na jioni. Inaitwa Epidyolex, ni CBD kutoka kwa mmea wa bangi, na kabla mtu ashtuke, hiyo hailewishi mtu kama bangi ya kuvuta, ni NHS, yaani huduma ya afya ya serikali huko, wanampa na daktari wa neva ndiye anaandika. Kwetu Kenya sheria ya mihadarati ya 1994 ni kali, kwa hivyo tafadhali usidanganywe na vichupa vya "mafuta ya CBD" watu wanauziana kwa WhatsApp, hujui ndani mna nini na huyo ni mtoto.

Sasa, hiyo dawa ni mafuta ya simsim yenye ladha ya stroberi na kila mililita moja ina miligramu 100. Mimi nilianza na kijiko vile tumezoea, nikaona nyingine inabaki imeshika kijiko, na kwa dawa kali hivyo hata hiyo tone ni kitu. Nikasema wacha niweke kwa uji. Kosa kubwa. Mafuta yalielea juu, mengine yakashika kikombe, kijana akanywa nusu akasukuma mkono wangu, nikabaki nimesimama na kikombe sijui amepata ngapi na siwezi kumuongeza. Siku hiyo nililia.

Nesi ndiye alinionyesha sirinji vizuri. Unaweka ile adapta, kile kizibo chenye tundu, kwa mdomo wa chupa, unaingiza sirinji hapo, unapindua chupa, unavuta polepole, ukiona mapovu unarudisha ndani unavuta tena. Mtoto akae wima, ncha iingie kati ya shavu na fizi, usielekeze kooni atapaliwa, sukuma kidogo kidogo akimeza. Ukiosha sirinji ikauke kabisa, kwa sababu maji yakibaki ndani dawa inageuka ukungu, mimi iliwahi nitokea nikadhani imeharibika. Na chakula pia: mlo wa mafuta unafanya mwili uchukue dawa nyingi zaidi, mara kadhaa, kwa hivyo si leo ovakado kesho mkate mkavu, tulichagua mtindi mzito kila siku tukakaa hapo.

Jirani wa dada, mama mwenye MS, ule ugonjwa wa neva unaokaza misuli, yeye hutumia Sativex, dawa nyingine ya mmea wa bangi, ya kupuliza chini ya ulimi ama ndani ya shavu, na hubadilisha pahali kila mara maana mdomo huchubuka. Kwa mtu mzima naona ni sawa. Kwa mtoto mimi ni sirinji, kabisa.

Niliporudi mtaani kwetu Umoja, Nairobi, nikapata jirani yangu anampimia mtoto sirapu yake ya kawaida ya kifafa na kijiko cha chai, tena vijiko vyenyewe nyumbani havilingani! Nikamnunulia sirinji, bei haifiki nauli ya kwenda tao, tukapima pamoja mililita zile daktari aliandika, na kijiko chake kilikuwa kinapunguza. Kwa kemisti sema unataka ya mdomo isiyo na sindano, mimi mara ya kwanza nilipewa yenye sindano nikairudisha hapo hapo.